Kona ya singo saluni: pazia liwe la mwisho

Swali: Shikamoo mama. Nina saluni ya kike Magomeni, Dar es Salaam, kwenye fremu ya futi 14 kwa 24. Wateja wananiomba huduma za maharusi: singo ya kusugua mwili, sukari ya kunyonyoa nywele, na hina. Mwezi uliopita nilijaribu kwenye kona ya nyuma karibu na choo, futi 6 kwa 7, nikaizungushia pazia. Manjano yalifika hadi kwenye viti vya mbele, na bibi harusi mmoja alikataa kabisa kuvua kanga. Fundi mmoja anasema ninunue pazia zito, mwingine anasema nijenge ukuta wa jipsamu. Nimsikilize nani? Fremu ni ya kupanga na mfuko wangu si mkubwa.

Jibu: Marahaba mwanangu. Huyo bibi harusi aliyekataa kuvua kanga anaijua kazi hii kuliko mafundi wako wote wawili. Ningekuwa wewe ningempigia simu nimuulize aliona nini. Lakini kwa fremu nyembamba namna hiyo, yenye vioo ukutani, nadhani najua: alimwona mteja wa kiti cha mbele kwenye kioo. Na ukimwona mtu macho yake kwenye kioo, ujue na yeye anakuona.

Basi kabla hujatoa hata shilingi, kesho fika saluni mapema. Msaidizi wako mmoja ajilaze pale kwenye kona na kanga yake. Wewe kaa kiti kimoja baada ya kingine, kuanzia cha mlangoni, utazame mbele kwenye kioo kama anavyotazama mteja anayesukwa. Msaidizi wa pili awe anaingia na kutoka kwenye kona, kama anayefuata maji ya moto. Kila utakapomwona aliyelala, hata kisigino, weka alama ya chaki chini ya kiti hicho. Rudia jioni taa zikiwa zimewaka, maana hapo ndipo mapazia huumbuka: taa ikiwa nyuma ya mtu, pazia linakuwa sinema, kila mtu anaona umbo lake likigeuka na kuinuka. Halafu washa pangaboi uone jinsi pindo la pazia linavyopepea. Nimewahi kuona pazia la bei kubwa, zito kama blanketi, likinyanyuliwa na pangaboi mteja akiwa amelala kifudifudi.

Kwa hiyo kati ya mafundi wako, wa jipsamu ana haki. Ila na yeye asianze kesho, kwa sababu hakuna kati yao aliyekuuliza maji yatapita wapi.

Singo ni kazi ya maji na unga. Liwa, manjano, karafuu, maua ya waridi na asumini yaliyopondwa, marashi, pengine maziwa: ukisugua, vinakauka na kudondoka kama makombo, na kinachobaki mwilini lazima kioshwe. Mteja wako alioshwa wapi? Kama alitoka kwenye pazia, akapita mbele za watu na kanga iliyolowa hadi chooni, hapo ndipo manjano yalipofika kwenye viti, na hapo ndipo faragha yote ilipokwisha. Kitanda, mahali pa kuoga na mahali pa kuvulia nguo lazima viwe ndani ya uzio mmoja. Mteja akishavua asivuke mlango tena mpaka amevaa.

Bahati yako ni kwamba kona iko jirani na choo, maana bomba la maji machafu liko hapo hapo. Mwenye fremu huenda asikubali uvunje sakafu, na wala huna haja. Mwambie fundi bomba ainue kijukwaa cha kama inchi 6 kwenye pembe iliyo karibu na choo, futi 3 kwa 3, chenye kingo na tundu la maji, bomba lipite juu ya sakafu na kuingia kwenye mfumo wa choo kwa nyuma. Mteremko uwe robo inchi kwa kila futi moja ya bomba. Ukiwa mdogo kuliko huo, unga wa liwa utatulia humo ndani ugeuke udongo. Bomba liwe na mpindo unaoshika maji, ama sivyo harufu ya choo itapanda, na hakuna udi utakaoifunika. Juu ya tundu weka chujio la kutoa na kurudisha, ulimwage kwenye ndoo ya taka kila baada ya mteja. Na kabla maji hayajaguswa, mpanguse mteja makombo kwa kitambaa kikavu yaangukie kwenye shuka. Nusu ya uchafu utaishia hapo.

Kuhusu maji ya moto, usidanganyike na zile hita za kichwani mwa bomba la mvua. Zinakula umeme zaidi ya kilowati 3, na wewe tayari una madraya. Itahitaji waya wake peke yake, swichi yake na ethi iliyofungwa na fundi anayejua, jambo ambalo kwenye fremu nyingi halipo. Jagi la umeme, ndoo ya maji ya uvuguvugu na kopo vinatosha. Isitoshe, mwari akioshwa kwa kopo anahisi anatunzwa. Bibi zetu hawakuwa na bomba la mvua.

Sasa ukubwa. Futi 6 kwa 7 haitoshi, na nitakuonyesha hesabu. Kitanda cha kawaida cha huduma kina upana wa futi 2 na inchi 4, urefu futi 6 na inchi 2. Anayesugua singo anahitaji kupita pande zote mbili, futi 2 kila upande, na nafasi ya kigoda kichwani. Hiyo, ukikadiria kwa juu, ni futi 7 kwa 9 bila kuhesabu pa kuogea. Ukiweka kitanda ukutani, utamlalia mteja kufikia upande wa pili, mgongo wako utakudai na manjano yatapaka ukuta. Ushauri wangu, ingawa hutaupenda: ondoa draya moja, ikibidi na kiti kimoja, na uipe kona futi 8 kwa 10. Kiti cha kusukia kinachokaa tupu siku za katikati ya wiki hakikuingizii kitu, lakini bibi harusi mmoja huja na dada zake, mashoga zake na mama mkwe.

Ukuta wa jipsamu uwe wa zile bodi zinazostahimili unyevu, mara nyingi huwa na rangi ya kijani, si zile nyeupe za dari. Upande wa ndani, kuanzia chini hadi futi 6, bandika plastiki ya ukutani au marumaru. Kama fedha haifiki, paka rangi ya mafuta mikono miwili ili uweze kufuta. Viungio vya marumaru vijazwe rangi ya kijivu kilichokolea, kwani nyeupe itakuwa ya njano ndani ya wiki mbili. Sakafu isiwe ya marumaru zinazong'aa. Mafuta ya nazi na maji juu ya marumaru laini ni hospitali.

Mlango ni mambo mawili tu, lakini ndiyo yanayosahaulika. Kwanza, ufunguke kwa ndani, na bawaba ziwekwe upande ambao ubao wa mlango wenyewe unakikinga kitanda unapofunguliwa nusu. Ndani yake, hatua moja, hapo ndipo pazia lako linapopata kazi, kama kizuizi cha pili. Pili, kitasa kiwe kinafungwa kwa ndani lakini kinaweza kufunguliwa nje kwa sarafu. Mtu aliyekaa na njaa, akapigwa na joto na harufu ya udi, anaweza kuzimia, na hutaki kuvunja mlango wako mwenyewe.

Kisha kuna sauti. Mteja wa singo hulala, lakini wa sukari hupiga ukelele! Ukuta ufike darini. Na redio usiiweke ndani ya kona, iweke nje upande wa viti. Wanaosikiliza taarabu hawamsikii anayelia, na anayelia akijua hasikiki analia kwa raha zake.

Hapo pa hewa naomba unisikilize vizuri kuliko pengine pote. Ukishajenga ukuta hadi darini umetengeneza chumba kisicho na dirisha, na wateja watakuomba uwafukize udi. Chetezo chenye makaa ndani ya chumba kilichofungwa kinatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na udi wenyewe unakuzuia usihisi chochote. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anapata kizunguzungu, mnadhani ni uchovu wa harusi. Makaa yasiingie mle ndani kabisa. Nunua chetezo cha umeme, au fukiza nguo na nywele nje mteja akiwa ameshavaa. Na hata bila makaa, weka feni ndogo ya kutolea hewa ukutani inayotoa nje ya jengo, si darini na si upande wa viti. Acha upenyo wa inchi moja chini ya mlango ili hewa iingie. Kiyoyozi cha saluni kisielekezwe huko, kwani mtu aliyelowa maji ya marashi anatetemeka hata Dar es Salaam.

Taa ziwe mbili, kila moja na swichi yake. Moja nyeupe ya wastani, kwenye boksi huandikwa 4000K, iwe juu ya kitanda kwa ajili ya sukari na hina. Nyingine ya rangi ya joto, 2700K au 3000K, kwa wakati wa singo. Zile taa za buluu kali za 6500K zinamfanya kila mtu aonekane amekufa, na rangi ya hina huioni sawasawa. Weka pia taa ya chaji mahali ambapo mkono wako unafika bila kutafuta. Umeme hukatika, na mwanamke aliye uchi gizani hataki kusikia ukisema "subiri natafuta simu".

Kuhusu simu zenyewe. Ya mfanyakazi ibaki nje, kwenye kisanduku karibu na mlango, hata yako. Ya mteja ibaki naye. Kama una kamera ya ulinzi inayotazama droo ya pesa, angalia kwenye skrini yake mlango wa kona ukifunguliwa unaona nini, na uigeuze. Picha za hina ndizo tangazo lako, najua, lakini piga mikono na miguu tu, mteja akiwa amevaa, tena kwa ridhaa yake. Tangu sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, picha ya mteja si mali yako ya kufanyia utakavyo. Na hata kama sheria isingekuwapo, mji ni mdogo.

Nije kwenye manjano, maana naona ndiyo yaliyokuchosha. Acha taulo nyeupe. Najua zinapendeza, zinafanana na za hoteli, lakini kwa singo ni hasara. Tumia za kahawia au rangi ya haradali, na kanga kuukuu za kulalia. Utakapofua usishtuke ukitia sabuni taulo likageuka jekundu kama lina damu. Manjano hubadilika rangi yakikutana na sabuni au magadi. Suuza kwa maji ya ndimu, wekundu unarudi kuwa njano, kisha anika kwenye jua kali. Jua ndilo dawa ya manjano, siku mbili au tatu doa linafifia lenyewe. Vigodoro vya ngozi bandia vifutwe mara moja kwa mafuta kidogo halafu sabuni, kabla manjano hayajakauka. Juu ya kitanda tandika karatasi ya kuviringa, na juu yake shuka.

Kuna kitu cha kuiga kwa Wazungu hapa. Wao wana chumba kama hichi chako kwa shughuli iliyo kinyume na tamaa za mtaani kwetu: mtu mweupe anasimama anapuliziwa dawa ili awe na rangi ya shaba kana kwamba ametoka pwani. Dawa hiyo, dihaidroksiasetoni, inabadilisha rangi ya ngozi ile ya juu kabisa iliyokwisha kufa, rangi inatokea ndani ya saa kadhaa na kuondoka kama baada ya wiki. Ukungu wake unanata ukutani na sakafuni kuliko hata manjano yako, kwa hiyo wanafanyia kazi ndani ya kihema kidogo, feni ya kunyonya ikiwa inafanya kazi, na mteja anasimama juu ya kitu cha kufyonza. Na kabla ya yote anapewa chupi ya karatasi ya kutupa. Hiyo chupi ndiyo ninayotaka uichukue. Bibi harusi wako hakutaka kuvua kanga, lakini ungempa chupi mpya iliyofungwa na kanga kavu ya pili, ukatoka nje dakika tano ukabisha hodi kabla ya kurudi, pengine angevua.

Usafi wa vitu vidogo hautegemei kabati kubwa. Toroli moja ya ghorofa tatu inatosha: juu, vya mteja huyu aliyelala sasa tu, katikati, mitungi iliyofungwa, chini, vilivyotumika vinavyosubiri kuoshwa. Unga wa singo ukae mkavu kwenye mitungi yenye tarehe. Ukishauchanganya na marashi au maziwa, ni wa mteja mmoja, unaobaki unamwaga hata kama roho inauma. Asumini ni ya siku ile ile. Donge la sukari halirudi kwenye sufuria likishagusa mwili, na kijiti hakichovywi mara mbili. Miguu ya meza ya sukari isimamishe ndani ya vikopo vya maji, ama sisimizi watakuwa wateja wako wa kwanza kila asubuhi. Panapodondoka damu, jiki ya asilimia 3.5 kipimo kimoja kwa vipimo 6 vya maji, iache dakika kumi, kisha futa kwa maji matupu kwa sababu jiki hupasua ngozi bandia. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, tena kwenye chumba kidogo kama hicho.

Ndoana tatu za nguo ziwe juu kiasi kwamba buibui haligusi sakafu. Kisanduku chenye ufunguo kwa dhahabu, ufunguo akae nao mteja mkononi. Sitaki hata nieleze kwa nini.

Ratiba: sukari siku mbili kabla ya singo, si siku moja. Ngozi iliyotoka kunyonyolewa nywele ukiipaka karafuu itakuchukia. Hina ije mwisho, maana rangi yake hukolea siku ya pili, na kuisugua singo juu yake ni kuipunguza. Kati ya mteja mmoja na mwingine acha nusu saa ya kufagia na kuitoa hewa.

Mambo mawili usiyakaribishe. La kwanza ni piko ya dawa ya nywele. Ile nyeusi ti inayokolea kwa saa moja huwa na kemikali ya PPD, ambayo Ulaya inaruhusiwa kwenye dawa za nywele hadi asilimia 2 na hairuhusiwi kupakwa ngozini. Nimeona mikono ya bibi harusi imevimba malengelenge yakafuata mchoro wa maua yote, jani kwa jani. Hina halisi haitoki nyeusi, hutoka rangi ya chungwa na kukolea kuwa kahawia. Anayetaka nyeusi mwambie hivyo. La pili ni mkorogo wa kuchubua ngozi. Chumba chenye mlango uliofungwa nyuma ya saluni, watu watakuuliza kwa kunong'ona kama "unaweka mwanga". Vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku nchini, na ukimpaka mmoja, kona yako ya maharusi itakuwa na jina jingine mtaani kabla ya mwisho wa mwezi. Bandika orodha ya huduma zako mlangoni kwa nje, kwa maandishi makubwa, ili jibu liwepo kabla ya swali.

Fedha ikiwa inaingia kidogo kidogo, anza na kijukwaa cha maji na bomba lake, kisha ukuta na mlango, kisha feni, kisha taa. Kitanda unaweza kuazima au kuchongesha kwa seremala, mbao na godoro la inchi 3 lililoshonewa ngozi bandia. Pazia lile ulilonalo linatosha kwa kizuizi cha ndani, usinunue jingine. Zungumza na mwenye fremu kabla ya yote, mwandikiane kwamba ukuta wa jipsamu na kijukwaa utaviondoa ukihama, au atavinunua kwako.

Ukimaliza, usifungue kwa bibi harusi. Mpigie yule wa mwezi uliopita, sasa hivi ni mke wa mtu, mwambie aje asuguliwe bure. Mwache avue mwenyewe, alale, afunge mlango. Wewe nenda kakae kiti cha mbele, na akitoka muulize ameona nini.